Jinsi Treni ya Fintan Geraghty Ilivyovuka Meza Siku ya Jumapili

Sogeeni, enyi mliokalia viti na enyi mliokalia masanduku, na wewe mwenye birika linalochemka nenda kalizime kwanza, maana nasimulia habari nzito ambayo wafalme wa kale wangeuza mashamba yao ili waisikie: habari ya Fintan Geraghty, Simba wa Meza Ndefu, Bwana wa Gundi, Mpanuzi wa Reli, aliyepeleka treni ya urefu wa mkate kutoka upande huu wa meza mpaka upande ule, na dunia isiwe tena kama ilivyokuwa, ingawa mvua iliendelea kunyesha vilevile.

Kabla ya vita, kitendawili. Tega! Nina mji, watu wake wamevaa vizuri, hawali, hawanywi, hawalipi kodi, na hakuna awezaye kumhamisha mwenzake hata kwa ng'ombe wanne. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Galway? Haya, nimekwenda Galway, nimekula chaza kwa siagi na mkate wa soda, nimevaa koti jipya, nimewaachia nyinyi mvua. Jibu ni mji wa Fintan, ulioko juu ya meza, ambao raia wake wamegandishwa kwa gundi miguuni. Ikumbukeni gundi hiyo. Ndiyo iliyotaka kumuua.

Sasa ijueni nchi iliyopiganiwa. Ni chumba cha nyuma cha ukumbi wa parokia yetu ya Kilcrennan, chenye dirisha moja linaloangalia makaburi na hita moja inayokohoa kama mzee wa tumbaku, lakini inayotoa joto. Chumba hicho kilitekwa zamani na wanaume wa Chama cha Reli Ndogo. Waliingiza humo meza ndefu kama ya harusi, na juu yake wakaanza kujenga reli yetu ya zamani, ile iliyong'olewa tungali wasichana: stesheni yetu upande mmoja, Stesheni ya Makutano upande wa pili, na katikati ziwa la gundi, kilima cha plasta, na nyasi zilizopandwa jani moja moja kwa kibano na watu wazima wenye pensheni. Sisi wanawake tunaoshona mablanketi ya viraka tukahamishiwa kwenye ujia wa makoti, mahali ambapo upepo hupita chini ya mlango ukitafuta magoti ya mtu, na ukiyapata hauyaachi.

Kila mwaka tuliambiwa treni itatembea. Kila mwaka haikutembea. Na sababu, enyi watu, ni sababu ya kishujaa.

Reli za Ireland ni pana kuliko za Waingereza kwa karibu shubiri moja. Ukiipunguza shubiri hiyo mpaka ienee mezani hubaki kitu kidogo kama punje ya mchele. Treni za dukani zimetengenezwa kwa kipimo cha Waingereza. Mtu mwenye akili zake hununua, huweka, hucheza, akaenda zake kulala. Lakini Fintan, aliyekuwa mfamasia na ambaye mkono wake haujawahi kumwaga hata tone la dawa, aliapa kwamba Ireland haitakosewa punje ya mchele yeye akiwa hai. Akakata ekseli za kila behewa akazirefusha. Akalaza taruma, vile vijiti vinavyobeba reli, kimoja baada ya kingine, akapima, akakunja uso, akang'oa, akalaza tena. Majeshi yamevuka majangwa kwa muda mfupi kuliko ule, na yakarudi, na watoto wao wakaoa.

"Fintan bwana," alikuwa akimsihi Malachy Tuohy, mwenyekiti wa chama, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma na subira ya kiberiti, "weka reli za dukani tumalize. Nani atalala kifudifudi kupima?"

"Waliosafiri nayo wanajua," Fintan akajibu bila kuinua kichwa.

"Waliosafiri nayo wako hapo dirishani, chini ya mawe!"

"Basi wasisumbuliwe kwa uongo."

Hivyo ndivyo walivyozungumza, kama majemadari, na chai yao tukiwapelekea sisi.

Ikafika zamu ya Padri Ambrose Lavelle, mtu mpole anayeogopa ugomvi kuliko anavyoogopa dhambi. Tulimwendea wanawake saba na magoti kumi na manne yenye baridi, tukamwonyesha. Si magoti yenyewe, tulimweleza. Akafikiri wiki nzima, kisha akatoa hukumu mbele ya pande zote mbili: Jumapili ya mapumziko ya Oktoba, baada ya Misa ya saa tano, treni itembee yenyewe, bila kuguswa na kidole cha mtu, kutoka Kilcrennan hadi Makutano, mbele ya parokia nzima. Ikifika, chumba ni cha wanaume daima. Isipofika, meza itolewe na akina mama waingie na sindano zao.

Hapo Fintan alisimama. Alikuwa na gundi kwenye nyusi. Akasema:

"Padri, na nyinyi akina mama mnaotabasamu mapema! Nimelaza reli hii kwa mikono yangu nikiwa na mafua, nikiwa na jino bovu, na siku mke wangu alipokwenda kuhiji Lourdes peke yake kwa sababu rangi ya paa la stesheni ilikuwa haijakauka. Treni itafika. Isipofika, nitaibeba meza hii mgongoni mwangu!"

"Utabeba na nani, na mgongo wako huo?" akauliza Dympna, mkewe, ambaye ni mshonaji mwenzetu. "Jana umeshindwa kubeba viazi."

Lakini shujaa hasikii habari za viazi. Tena, ili kumlainisha padri, akafanya jambo lililoonekana la busara siku ile. Mji wake ulikuwa mji wa siku ya mnada, mwaka wa hamsini na saba: ng'ombe wadogo barabarani, wanaume wadogo wakitemeana mate mikononi kufunga bei. Akawang'oa wote. Akawavika watu suti nyeusi na mitandio ya kanisani, akawapanga mbele ya kanisa dogo wakienda Misani, na akawagandisha kwa gundi yake kali kuliko zote, ile ya tyubu nyekundu. Padri alipoona akatokwa na machozi. "Hata mimi nipo!" akasema, akionyesha kitu cheusi chenye ukubwa wa punje ya pilipili manga.

Ikafika Jumapili. Mvua ilinyesha kwa ubavu, kanisa lilijaa, na Fintan alikaa kiti cha mbele akiwa ametulia kama mshindi. Padri akapanda kuhubiri. Akahubiri juu ya mapumziko. Akasema, zamani watu waliiheshimu Jumapili. Maduka yalifungwa, shamba lililala, hata treni yetu ya Kilcrennan haikutembea siku ya Jumapili.

Nilikuwa kiti cha nyuma ya Fintan, nikaona shingo yake ikibadilika rangi. Ilianza kuwa nyeupe kutoka kwenye kola, ikapanda hadi masikioni. Fintan Geraghty, Mpanuzi wa Reli, aliyeijua reli ile kuliko alivyojua siku ya kuzaliwa ya mkewe, alikuwa amekumbuka lile ambalo padri amelisema hivihivi tu. Jumapili hapakuwa na treni. Na mji wake, mtu kwa mtu, ulikuwa umegandishwa katika Jumapili.

Ukumbini watu walijaa kuizunguka meza, wakiwa na vikombe vya chai na mikate ya yai na kitunguu. Malachy alishika kidude cha kuongeza mwendo, tayari kuzungusha.

"Acha!" akanguruma Fintan. "Haiwezi kutoka."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Leo ni Jumapili."

Malachy alimtazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyeingia sebuleni. "Najua leo ni Jumapili. Nimetoka Misani sasa hivi. Nimevaa tai."

"Mezani, Malachy. Mezani ni Jumapili. Jumapili treni haikutembea. Tukiitembeza leo tumeupindua ukweli wote tulioulaza taruma kwa taruma."

"Basi iwe Jumamosi! Nani atajua?"

"Tazama kanisani! Parokia nzima imesimama mlangoni na vitabu vya sala!"

"Wang'oe!"

Fintan akanyoosha kidole, akamsukuma taratibu mwanamke mdogo mwenye mtandio mweusi. Hakutikisika. Akamvuta padri wa mezani. Kanisa zima likainuka pamoja na padri, likarudi chini. Watu wakaguna. Hiyo ndiyo nguvu ya tyubu nyekundu.

"Bwana we," Malachy akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka makaburini, "unataka kuniambia tumekaa humu tukinusa rangi miaka yote hii, mapafu yangu yamekuwa ya kijani, halafu tunapoteza chumba kwa sababu watu wa plastiki wanakwenda Misani?"

"Ndiyo," akasema Fintan. Jasho lilikuwa likimtoka. Nawaambia, nimewacheka wanaume wengi na huyu nimemcheka zaidi, lakini hapo sikumcheka. Angeweza kuzungusha kidude akashinda. Sheria ya padri haikutaja popote mezani iwe siku gani. Hakukigusa.

Sisi washonaji tulitazamana. Dympna alikuwa tayari amepima kwa macho mahali pa kuweka cherehani.

Hapo ndipo mkongojo ulipogonga sakafu. Alikuwa Bi Concepta Hession, mkubwa wetu sote katika mablanketi, mwanamke mwenye miaka themanini na zaidi na meno yake mwenyewe, anayeshona bila miwani na kusikia anachotaka.

"Fintan mwanangu," akasema, "nani kakwambia Jumapili haikutembea? Ilitembea ya mpira."

Watu wakamgeukia. Hata hita iliacha kukohoa.

"Ya mpira?"

"Tulipocheza fainali kule Tuam. Mwaka huohuo wa hamsini na saba, Jumapili, baada ya Misa ya alfajiri. Iliwekwa treni maalumu. Nilikuwamo."

Tulimkanyaga miguu chini ya meza, nami nilimkanyaga mara mbili. Alikuwa anatuuza! Chumba kilikuwa tayari mikononi mwetu, na mkubwa wetu mwenyewe ananyoosha mkono kumpa adui. Hakugeuka hata kidogo.

Fintan akaisogelea meza kama hakimu. "Bi Concepta, kwa heshima zote. Mabehewa mangapi?"

"Nilikuwa na miaka kumi na minane, mwanangu. Sikuwa nahesabu mabehewa, nilikuwa nahesabu wavulana."

"Kichwa cha treni kilielekea wapi?"

"Kilielekea tulikokwenda."

"Rangi yake?"

"Cheusi. Kimefungwa vibendera vya timu mbele, rangi ya damu ya mzee na nyeupe. Na Packie Mannion alikuwa amekikalia mbele kabisa akipiga kinanda cha mkono mpaka walipomtoa kwa fimbo."

Fintan alifumba macho. Mtu angedhani anasikia kinanda chenyewe. Alipoyafumbua akasema, "Ushahidi wa aliyesafiri unakubalika. Lakini bila vibendera haitoki."

Malachy akaegemeza paji la uso wake ukutani akakaa hivyo.

Basi wapi pa kupata vibendera? Enyi mlio na aibu, zibeni masikio. Ni Dympna, mshonaji, adui, aliyetoa utepe wa damu ya mzee kutoka kwenye kikapu chake cha viraka na kipande cha kitambaa cheupe cha mezani, akakata kwa mkasi mdogo vipande viwili kama kucha za mtoto mchanga. "Chukua," akamwambia mumewe. "Sitaki useme kesho kwamba ulishindwa kwa kukosa kitambaa. Nitalala na maneno hayo miaka kumi." Fintan alivibandika kwa kibano. Mkono haukutetemeka. Wenye macho dhaifu waliambiwa kwamba vibendera vimebandikwa, wakapiga makofi.

Kisha padri akainua mkono, na vita vikaanza.

Enyi malaika wa msasa, enyi mashetani ya vumbi, nisaidieni niseme! Kidude kikazungushwa, na garimoshi dogo likatikisika, likateleza magurudumu, likaunguruma mngurumo wa nyuki ndani ya kikombe, likaondoka Kilcrennan likivuta mabehewa matatu yenye abiria waliochongwa na mtu aliyepaswa kuwa anatengeneza bomba la jikoni lake. Likapita kanisani, na waumini wa gundi hawakugeuka kulitazama. Likapanda kilima cha plasta, ambapo mwaka wa nyuma lilianguka na mwaka wa kabla yake likaanguka vibaya zaidi. Halikuanguka. Likaingia darajani juu ya ziwa, na Fintan alikuwa akitembea nalo sambamba, ameinama, mikono nyuma ya mgongo ili asishawishike kuligusa, akipumua kwa mdomo kama bata.

"Twende, baba, twende," akalibembeleza. "Usitazame chini."

Likavuka daraja. Likauona ukuta wa Makutano. Likafika mahali pa urefu wa kidole kutoka mwisho, na hapo, enyi watu, likasimama.

Mngurumo ukakatika. Vumbi, au kombo la mkate, au kisasi cha wanawake; hakuna ajuaye. Malachy alizungusha kidude mpaka mwisho, kisha akakizungusha kinyume, kisha akakitukana.

"Usiliguse!" akalia Fintan. "Akiligusa mtu, limesukumwa!"

Padri akatazama saa yake. Sisi tukatazama dirisha, hita, mahali pa cherehani. Nilihisi magoti yangu yakianza kupata joto.

Na Bi Concepta, aliyekuwa amechoka kusimama, akaweka kiwiko mezani ili ajiegemeze.

Meza ikalia *kwii*. Garimoshi likashtuka, likaruka mbele kama mtu aliyekalia pini, likagonga ukuta wa Makutano kwa sauti ndogo ya kijiko kwenye kisahani. Limefika.

Kelele zilizopigwa hapo ningezielezea, lakini mnaweza kuzipata mahali popote wanaume wazima wanapokumbatiana kwa sababu ya kitu kidogo. Malachy alilia kwenye bega la Fintan. Mikate ya yai ilikanyagwa. "Haijaguswa treni, imeguswa meza!" tulipaza sauti, lakini padri, anayeogopa ugomvi, alisema kwa haraka kwamba kiwiko cha Bi Concepta ni sawa na upepo, na kwamba chumba, kwa hukumu isiyo na rufaa, ni cha Chama cha Reli Ndogo daima. Akabariki meza akaenda kula chakula chake cha mchana.

Fintan akapanda juu ya kiti. Vibendera vya treni vilimeta machoni pake. "Parokia ya Kilcrennan!" akasema. "Leo historia imetembea kwa miguu yake! Na sasa, treni irudi nyumbani tuione mara ya pili!"

"Ngoja kwanza," akasema Bi Concepta. "Haikurudi."

Fintan akabaki juu ya kiti.

"Ilifika Makutano ikafa. Moshi, mvuke, fujo. Tulikwenda Tuam kwa lori la mbolea, tukafungwa, tukarudi kwa lori lilelile. Treni ile mimi sikuiona tena."

"Bi Concepta... mbona hukusema mwanzo?"

"Uliniuliza ilikwendaje, mwanangu. Hukuniuliza ilirudije."

Nilimwona Fintan akipigana. Alitazama kidude. Alimtazama Malachy, aliyekuwa akitikisa kichwa akisema kwa midomo bila sauti, usithubutu, usithubutu. Alimtazama bibi kizee aliyekuwa shahidi wake pekee, ambaye ukikubali neno lake la kwenda huna budi kulikubali la kurudi. Kisha akashuka kitini, akachomoa waya ukutani, akauzungusha vizuri mkononi, akauweka mfukoni.

"Inabaki Makutano," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Na inabaki hadi leo. Chama kina chumba chake daima, na ndani ya chumba kuna treni isiyoweza kutikiswa, kwa hiyo wanachama hawana la kufanya humo ila kuitazama, na kuitazama kunachosha. Wamehamia baa ya jirani. Fintan peke yake huja, hukaa pembeni na kibano chake, akijenga lori la mbolea lenye ukubwa wa haragwe, na gurudumu la kwanza ameshalitupa mara kadhaa kwa sababu si la mwaka ule. Hasumbui mtu. Sisi tumerudi chumbani, tumeizunguka meza yake ndefu, ambayo kwa kutandaza blanketi la viraka juu ya kilima na ziwa haina mfano, miguu yetu ikielekea hita. Bi Concepta hukaa kiti cha karibu nayo kuliko wote. Nilipomuuliza kama kweli kulikuwa na lori, alikata uzi kwa meno yake mwenyewe akaniambia nimpitishie mkasi.

Basi andikeni, enyi waandishi wa mambo makuu, mjuze vizazi: Jumapili ya Oktoba, huko Kilcrennan, Fintan Geraghty alishinda. Dympna ndiye humpelekea chai yake. Naye husema, akiiweka karibu na Makutano kwa uangalifu ili isimwagike relini, "Kunywa, shujaa, ingali moto."